Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni: Historia Fupi ya Mtumishi wa Umma na Haki ya Kusikilizwa

Kila zama katika nchi yetu huwa na msamiati wake wa kumwondoa mtumishi wa umma kazini. Kuna wakati mtumishi "alistaafishwa kwa manufaa ya umma". Kuna wakati "uteuzi wake ulitenguliwa". Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2015 tukazoea neno jipya: mtumishi "alitumbuliwa", kama jipu. Neno hilo lilipendwa na watu wengi, na sababu yake si ngumu kuielewa. Mwananchi aliyezungushwa ofisi moja hadi nyingine kwa miaka, aliyeombwa chai ili apewe huduma aliyokwishailipia kwa kodi yake, ana haki ya kufurahi anapoona mkubwa wa ofisi hiyo ameangushwa.

Lakini msamiati hubeba mantiki yake ndani yake. Jipu haliulizwi lina maoni gani. Halipewi hati ya mashtaka, wala halipewi muda wa kujibu. Hukamuliwa, basi. Mtumishi wa umma, kwa mujibu wa sheria, si jipu. Ni mtu anayetuhumiwa, na baina ya tuhuma na adhabu sheria imeweka njia ambayo lazima ipitwe. Katika makala haya nataka tuitazame njia hiyo: ilitoka wapi, iliingiaje kwetu, ni nani walioijenga na ni lini tuliikanyaga. Nakiri mapema kwamba nina maslahi katika jambo hili. Mimi ni mhadhiri, nalipwa na hazina ileile inayowalipa mwalimu wa Namtumbo na muuguzi wa Kibondo. Hata hivyo, sitetei wezi. Ninachokitetea ni namna ya kumjua mwizi ni nani.

Mizizi miwili

Historia ya jambo hili ina mizizi miwili inayovutana, na yote miwili ilitujia kutoka Uingereza.

Mzizi wa kwanza ni kanuni kwamba asiondolewe mtu katika nafasi yake kabla hajasikilizwa. Mwaka 1615 mahakama ya Uingereza iliamua shauri la James Bagg, mjumbe wa baraza la mji wa Plymouth, aliyevuliwa ujumbe wake kwa sababu ya utovu wa adabu na matusi kwa wenzake. Hakuna aliyedai kwamba Bagg alikuwa mtu mpole. Mahakama iliagiza arejeshwe, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba aliondolewa bila kuitwa ajibu.

Miaka mia moja hivi baadaye likaja shauri linalonigusa zaidi kama mwanataaluma. Mwaka 1718 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimvua Dkt. Richard Bentley digrii zake zote. Bentley alikuwa mkuu wa Chuo cha Trinity, mjuzi wa Kigiriki asiyekuwa na mfano, na pia mgomvi asiyekuwa na mfano. Alipopelekewa wito wa mahakama ya chuo alitoa maneno ya dharau, na kwa dharau hiyo akahukumiwa bila kusikilizwa. Ilipofika mwaka 1723 majaji waliona uamuzi ule hauwezi kusimama. Mmoja wao, Jaji Fortescue, alikumbusha kwamba hata Mwenyezi Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita ajieleze.

Wanafunzi wangu hucheka ninapowasimulia hoja hiyo. Kisha huwauliza: je, Mungu hakujua Adamu amefanya nini? Hapo kicheko hukoma. Kwa imani ya jaji yule, Mungu alijua kila kitu, na bado aliuliza. Ikiwa ajuaye yote huuliza kabla ya kuadhibu, vipi mkurugenzi wa halmashauri ambaye hajui hata nusu ya yaliyotokea katika idara yake?

Mzizi wa pili ni kinyume cha huo. Ni kanuni kwamba mtumishi wa serikali hukaa kazini kwa ridhaa ya Mfalme, na ridhaa hiyo ikiisha, kazi nayo imekwisha. Shauri linalotajwa mara nyingi juu ya kanuni hii lilianzia Afrika. Mwingereza aitwaye Dunn aliajiriwa katika Himaya ya Niger, eneo lililo sehemu ya Nigeria ya leo, na Sir Claude MacDonald, mwakilishi wa Malkia huko. Dunn alidai aliahidiwa miaka mitatu. Aliondolewa kabla ya muda huo kwisha, akashtaki. Mwaka 1896 Mahakama ya Rufani mjini London ilimwambia kwamba Serikali haiwezi kufungwa mikono na ahadi ya namna hiyo. Maslahi ya umma yanataka mtumishi aweze kuondolewa wakati wowote. Dunn akamgeukia MacDonald mwenyewe na kumshtaki kwa kuahidi jambo asilokuwa na mamlaka nalo. Akashindwa tena.

Msomaji aangalie maneno yaliyotumika: maslahi ya umma. Kwa jina hilo, ahadi aliyopewa mtu ilifutwa na hakuna aliyewajibika. Tutakutana tena na jina hilo Dar es Salaam na Dodoma.

Urithi wa mkoloni na hofu ya taifa changa

Sheria ya Uingereza iliyopokelewa Tanganyika ilihesabiwa kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kwa hiyo mizizi yote miwili ilisafiri katika sanduku moja. Lakini mkoloni alipolifungua sanduku lile hakuipanda yote kwa bidii sawa. Kwa karani na tarishi Mwafrika, mzizi uliomwagiliwa maji ni ule wa ridhaa ya mkubwa.

Uhuru ulipofika mwaka 1961 Katiba iliweka Tume ya Utumishi wa Umma iliyokusudiwa kuwaweka watumishi mbali na mikono ya wanasiasa. Mpango huo haukudumu. Katiba ya Jamhuri ya mwaka 1962 ilimkabidhi Rais mamlaka ya kuajiri, kupandisha vyeo, kuadhibu na kufukuza. Ni haki kueleza kwa nini. Nafasi za juu za serikali zilikuwa bado zimejaa maofisa wa kikoloni. Viongozi wa taifa changa walihofia kwamba tume isiyowajibika kwao ingekuwa ngome ya kuulinda utawala uliokwishaondoka. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Lakini dawa iliyochaguliwa ilikuwa ileile aliyoitumia mkoloni: mtumishi akae kwa ridhaa ya mkuu wa nchi. Aliyeshika ridhaa alibadilika. Kanuni yenyewe ilibaki.

Kuna jambo ambalo halisemwi sana kuhusu miaka ile. Mwaka 1964 Bunge lilitunga sheria ya kuwalinda wafanyakazi wa kawaida dhidi ya kufukuzwa ovyo, ikawa na orodha ya makosa na adhabu zake pamoja na mabaraza ya usuluhishi. Yaani dola ilitambua kuwa mwajiri binafsi anaweza kuonea, na ikamwekea mipaka. Ilipokuja kwenye madaraka yake yenyewe juu ya maofisa wake, ilijiamini zaidi. Mwamba ngozi huvutia kwake.

Wakati huohuo, London

Ajabu ya historia ni kwamba wakati sisi tunakumbatia kanuni ya ridhaa, mahakama zilizoizaa zilikuwa zinaipunguza makali.

Mwaka 1962 Baraza la Faragha, lililokuwa mahakama ya mwisho kwa nchi nyingi za Jumuiya ya Madola, lilisikiliza rufaa ya inspekta wa polisi wa Malaya, Surinder Singh Kanda. Alifukuzwa mwaka 1958, nchi yake ikiwa haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru. Kulikuwa na mashtaka na kulikuwa na kikao. Tatizo lilikuwa moja: ofisa aliyemhukumu alikuwa amekwishapewa ripoti ya uchunguzi iliyomchafua Kanda, naye Kanda hakuonyeshwa ripoti hiyo. Baraza lilisema kufukuzwa kwake ni batili. Haki ya kusikilizwa haina maana ikiwa mtu hajui ni nini kimesemwa dhidi yake. Anayejibu ripoti asiyoiona ni sawa na anayerusha mawe gizani.

Mwaka 1963 ukaja uamuzi mkubwa kuliko wote. Charles Ridge alikuwa mkuu wa polisi wa mji wa Brighton. Mwaka 1957 alikamatwa kwa tuhuma za kula njama za kupotosha haki. Mwishoni mwa Februari 1958 mahakama ilimwachia huru, lakini jaji alitoa maneno makali juu ya uongozi wake. Tarehe 7 Machi kamati iliyosimamia polisi wa mji ilikutana na kumfukuza. Hakuitwa. Hakupewa hati ya mashtaka. Siku kumi na moja baadaye kamati ilikubali kumsikiliza wakili wake, kisha ikashikilia uamuzi uleule. Ridge hakuwa anadai kurudi ofisini. Alikuwa anapigania pensheni, kwa sababu aliyefukuzwa huikosa na aliyejiuzulu angeweza kuipata.

Alishindwa katika mahakama mbili za chini. Baraza la Mabwana likampa ushindi. Lord Reid aliwagawa watumishi katika mafungu matatu: yule aliyeajiriwa kwa mkataba wa kawaida wa bwana na mtumishi, yule anayekaa kwa ridhaa, na yule ambaye hawezi kuondolewa isipokuwa kuna kosa. Kwa huyu wa tatu, alisema, haiwezekani kusema kuna kosa kabla hajapewa nafasi ya kulijibu. Kosa haliwi kosa kwa sababu kamati imekasirika.

Funzo la Ridge ni gumu kumeza, na ndiyo maana nalipenda. Mtu huyu hakuwa malaika. Huenda kamati ingemsikiliza kwa utaratibu na bado ingemfukuza. Mahakama haikusema Ridge ni mwema. Ilisema kamati haikuwa na njia ya kujua, maana haikuuliza.

Safari yetu ya polepole

Kwetu safari ilikuwa ya polepole, lakini ilikuwapo. Mwaka 1966 ilianzishwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya aina yake barani Afrika, ipokee malalamiko ya wananchi dhidi ya matumizi mabaya ya madaraka. Mtumishi aliyeonewa akapata mlango wa kubisha, ingawa waliokuwa nyuma ya mlango huo waliripoti kwa Rais.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1984, Hati ya Haki za Binadamu ilipoingizwa katika Katiba. Ibara ya 13(6)(a) inasema, kwa maneno yangu, kwamba haki za mtu zinapoamuliwa na mahakama au chombo kinginecho, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kikamilifu na ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine. Maneno "chombo kinginecho" ndiyo yenye uzito kwetu. Yanamaanisha kwamba kamati ya nidhamu ya halmashauri, bodi ya shirika na katibu mkuu wa wizara, wote wanabanwa na Katiba wanapoamua hatima ya mtu.

Kilichobaki ni majaji kuyapa maneno hayo uhai. Jaji Mwalusanya, akiwa Dodoma, alifanya hivyo katika shauri la mtumishi aliyestaafishwa kwa manufaa ya umma bila kuelezwa sababu. Limo katika ripoti za sheria za mwaka 1994. Hoja yake ni rahisi hata kwa asiyesomea sheria: ikiwa Katiba inanipa haki ya kupinga uamuzi, na mimi sijui uamuzi umetokana na nini, nitapinga nini? Asiyepewa sababu amenyang'anywa rufaa yake kabla hajaikata.

Kisha likaja shauri la ofisa uhamiaji mmoja, lililoripotiwa mwaka 1997. Naye alistaafishwa kwa manufaa ya umma. Barnabas Samatta, wakati huo Jaji Kiongozi na baadaye Jaji Mkuu, aliikabili ana kwa ana kanuni iliyomwangusha Dunn miaka mia moja nyuma yake. Alisema kanuni ya kumwondoa mtumishi kwa ridhaa tu haina nafasi katika sheria ya nchi hii, na kwamba hata mkuu wa nchi anapaswa kutoa sababu. Kwangu mimi, huo ndio wakati Tanzania ilipouchukua uhuru wake katika eneo hili la sheria. Ridhaa ya Mfalme iliondoka nchini miaka thelathini na kitu baada ya Mfalme mwenyewe.

Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002 ikayaweka mafunzo haya katika maandishi. Kifungu cha 23 kinasema mamlaka ya kumfukuza mtumishi yasitumike isipokuwa mambo matatu yamefanyika: mtumishi amepewa mashtaka ya nidhamu, amepewa nafasi ya haki ya kuyajibu, na uchunguzi umefanywa kwa mujibu wa kanuni. Akifukuzwa, ana rufaa kwenda Tume ya Utumishi wa Umma, na juu yake kwa Rais. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtumishi analazimika kuzimaliza ngazi hizo za ndani kabla ya kukimbilia vyombo vya sheria za kazi. Ngazi za ndani zikiwa zimebeba mzigo wote huo, kuoza kwake kuna gharama kubwa zaidi kuliko zamani.

Lakini mzizi wa pili haukung'olewa wote. Kifungu cha 24, jirani kabisa wa kile cha 23, bado kinampa Rais uwezo wa kumwondoa mtumishi kwa manufaa ya umma. Vifungu hivi viwili vimekaa pamoja kama wake wenza: mmoja anasema "sikiliza kwanza", mwingine anasema "nikiona inafaa".

Orodha si usikilizwaji

Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti iliyoonyesha kwamba watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Aliagiza waondolewe, na akawapa hadi Mei 15 wawe wamejiondoa wenyewe la sivyo washtakiwe. Nchi ilishangilia, nami sishangai. Cheti cha kughushi katika wodi ya wazazi ni kaburi lililochimbwa mapema. Uhakiki ule ulihitajika, na ulichelewa.

Swali langu ni jingine. Je, orodha ni usikilizwaji? Mtu anapoona jina lake limebandikwa, ameambiwa kosa lake kwa mapana, lakini hajaulizwa. Na mara walipoulizwa, majibu yalianza kutofautiana. Baadhi ya waliokata rufaa walionekana vyeti vyao ni halali. Kisha likaja suala la watumishi wenye elimu ya darasa la saba. Hawa waliondolewa kwa kukosa cheti cha kidato cha nne, ilhali wengi wao waliajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004, wakati sharti hilo lilikuwa bado halijaanza kutumika. Mwaka 2018 serikali yenyewe ilielekeza warejeshwe kazini.

Tulitafakari hilo kwa makini, ndugu msomaji. Dereva wa halmashauri au mhudumu wa zahanati alipoteza mshahara wake, mkopo wake ukasimama, watoto wake wakarudishwa ada. Na swali ambalo lingemwokoa lilikuwa fupi kuliko sentensi hii: uliajiriwa lini? Utaratibu ambao wengi wanauita urasimu ni mkusanyiko wa maswali ya namna hiyo tu. Mwaka 2022 serikali ya awamu ya sita ilitangaza kuwarejeshea walioondolewa kwa vyeti vya kughushi michango yao waliyokatwa kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii. Yaani hata kwa wale walioghushi kweli, miaka mitano baadaye ilibidi kukubali kwamba adhabu moja ilikuwa imekula na kisichokuwa chake. Ridge wa Brighton angeielewa habari hiyo upesi.

Majirani zetu wa Kenya walipita njia kama hii kabla yetu. Mwaka 2003, serikali mpya ya NARC ikiwa na ari ya kusafisha mahakama, kamati ya Jaji Aaron Ringera ilitoa taarifa iliyowahusisha na rushwa na mienendo mibaya majaji 5 kati ya 9 wa Mahakama ya Rufani, majaji 18 kati ya 36 wa Mahakama Kuu na mahakimu 82 kati ya 254. Majina yalitoka magazetini. Walipewa wiki mbili wajiuzulu au wafikishwe mbele ya baraza la uchunguzi. Wengi waliondoka kimya, na miongoni mwao hatutajua nani alikuwa na hatia na nani alichoka tu. Wachache walikataa. Mmoja wao, Jaji Philip Waki, alisimama mbele ya baraza na mwaka 2004 akaonekana hana hatia, akarudi kazini. Miaka minne baadaye Kenya ilipohitaji mtu wa kuongoza uchunguzi wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilimchagua yeye. Tume ya Waki imebaki katika historia ya nchi ile. Kama angekubali kuondoka kwa sababu jina lake limeandikwa gazetini, Kenya ingempoteza, na isingejua imepoteza nini.

Wakenya walijifunza. Katiba yao ya mwaka 2010, katika ibara ya 236, inakataza ofisa wa umma kufukuzwa, kushushwa cheo au kuadhibiwa bila kufuata utaratibu wa sheria. Kinga hiyo sisi tumeiweka katika sheria ya Bunge, ambayo Bunge laweza kuibadili alasiri moja.

Hoja za upande wa pili

Itakuwa kinyume cha makala yenyewe nisiposikiliza upande wa pili.

Inasemwa kwanza kwamba utaratibu huwapa wezi muda wa kuficha ushahidi. Hoja hii ni ya kweli, na sheria inalo jibu: mtumishi anaweza kusimamishwa kazi uchunguzi ukiendelea. Kumsimamisha mtu kunalinda majalada; kumfukuza siku hiyohiyo hakuyalindi zaidi.

Inasemwa pili kwamba kuna makosa yaliyo wazi mno, kiasi kwamba kumsikiliza mtuhumiwa ni kupoteza muda. Jaji Megarry wa Uingereza alijibu hoja hii mwaka 1969 kwa kuonya kwamba historia ya sheria imejaa kesi zilizodhaniwa hazina jibu, kumbe zilikuwa nalo. Niliwahi kuketi katika kamati ya uchunguzi ya taasisi moja ya umma, ambayo sitaitaja. Mtuhumiwa alikuwa mtunza stoo, jalada lilikuwa nene, na leja ilionyesha vifaa vimetoka bila idhini. Wajumbe wawili walidhani tutamaliza kabla ya chakula cha mchana. Mzee yule aliomba jambo moja tu, asomewe tarehe. Zilisomwa. Kati ya tarehe sita, nne ziliangukia ndani ya likizo yake, na barua ya likizo ilikuwa katika jalada lake binafsi kwenye ofisi ya pili kutoka pale tulipoketi. Hakuna aliyekuwa amelifungua. Funguo za stoo wakati huo alikuwa nazo mwingine, na huyo mwingine ndiye aliyeandika taarifa ya kwanza ya upotevu.

Inasemwa tatu kwamba utaratibu ni gharama. Ni kweli. Lakini mwajiri anayemfukuza mtu kwa njia ya mkato hushindwa kwenye rufaa kwa sababu ya utaratibu, hata pale ambapo kosa lilikuwapo. Mtumishi hurudi na malimbikizo ya mishahara ya miezi ambayo hakufanya kazi, na kodi ya mwananchi ndiyo inayolipa. Hapo mwizi wa kweli naye hupata kicheko chake: anarudi ofisini akiwa ameshinda, kwa kuwa mkubwa wake alikuwa na haraka ya kupigiwa makofi.

Tunachopaswa kukidai

Kutokana na historia hii naona mambo matatu ambayo mtumishi, chama chake cha wafanyakazi na mwananchi wa kawaida wanapaswa kuyadai bila kuona haya.

La kwanza ni kosa kuandikwa kwa lugha inayojibika. "Kukosa uadilifu" si shtaka, ni tusi. Shtaka lina tarehe, mahali, tendo na kanuni iliyovunjwa, na huambatana na ripoti yoyote ambayo waamuzi wameisoma. Kanda wa Malaya alilipa miaka minne ya maisha yake ili sisi tulijue hilo.

La pili ni mchunguzi asiwe mlalamikaji. Kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Katika taasisi nyingi zetu mkuu wa idara ndiye anayegundua kosa, anayeandika taarifa, anayependekeza wajumbe wa kamati, na mara nyingine huketi chumba cha pili akisubiri matokeo. Kanuni zinaweza kufuatwa neno kwa neno namna hiyo na haki isiwepo.

La tatu ni sababu zitolewe kwa maandishi, pamoja na maelezo ya haki ya kukata rufaa ndani ya siku 45. Barua ya mistari miwili inayosema tu umefukuzwa ni barua ya Dunn. Haistahili kuandikwa na ofisi ya Jamhuri.

Wahenga walitufundisha kwamba mnyonge tumnyonge, lakini haki yake tumpe. Mara nyingi tunaikumbuka nusu ya pili ya methali hiyo tunapotaka kumsifu mtu tusiyempenda. Naisoma kama kanuni ya utawala. Haisemi mwenye kosa asiadhibiwe. Inaanza kwa kukubali adhabu. Inachosema ni kwamba kati ya kumkamata mtu na kumwadhibu kuna kitu ambacho ni mali yake, na ambacho hata dola yenye hasira na umma unaoshangilia hauwezi kumpokonya. Kitu hicho ni nafasi ya kuulizwa, na ya kusikilizwa anapojibu. Anayekipora leo kutoka kwa afisa anayechukiwa atakuwa amekwishakipora kutoka kwa dereva, mhudumu na mwalimu ambao hakuna kamera itakayokuwapo siku watakapofukuzwa.